Visu Vitano vya Harusi

Ncha ya kisu ilikuwa juu ya karatasi nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, iking'aa pande zote mbili. Mkuu wa Kituo aliisukuma kidogo kwa kalamu.

“Unaiangalia tangu asubuhi,” alisema. “Imekwambia nini ambacho jana haikukwambia?”

“Imeniambia niiangalie tena, Afande.”

Koplo, aliyesimama mlangoni, alikohoa ili kicheko kisimtoke. Kituoni walimwita Inspekta huyu Bi Taratibu, kwa siri, na siri yenyewe alikuwa anaijua kila mtu, yeye akiwa wa kwanza. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa amefunga kesi nyingi kuliko wote waliompa jina hilo.

“Tuna marehemu,” Mkuu wa Kituo alianza kuhesabu kwa vidole. “Tuna ugomvi, mbele ya mashahidi. Tuna ncha iliyovunjikia kwenye kitasa cha kabati la marehemu. Visu vyenye bapa la umbo hili na mng'aro huu vilitengenezwa vitano tu, vinne tumeviona kwa macho yetu, vizima. Cha tano ni cha mkwe wake, na mkwe hana kisu. Unataka nini tena? Upewe picha akiua?”

“Nataka kujua kwa nini alichomwa mgongoni.”

“Kwa sababu mgongo ndio uliokuwa karibu.”

“Daktari wetu anasema jeraha limechanika. Lilitokana na kisu kilichokuwa kimeshavunjika ncha. Kwa hiyo kabati kwanza, mtu baadaye. Aliyeingia karakana ile alifuata kabati. Marehemu akamkuta, wakaonana, kisha mzee wa watu akampa mgongo.” Inspekta aliikunja karatasi na kuitia ncha kwenye mfuko wake wa ushahidi. “Wewe, Afande, siku moja kabla mtu amekutukana mbele ya wafanyakazi wako. Usiku unamkuta anavunja kabati lako. Unampa mgongo?”

Mkuu wa Kituo alijikuna kidevu. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu.

“Saa tisa namfikisha mahakamani,” alisema. “Mwendo wako naujua. Leo jaribu kukimbia.”

*

Marehemu alikuwa akiitwa Mzee Kioo. Maisha yake yote alitengeneza visu vya kukunja, vile vya mfukoni ambavyo mtu hununua mara moja akaja kuwaachia wanawe. Mipini ya mpingo, bawaba laini kama siagi, na mabapa yaliyosuguliwa mpaka unajiona meno. Kabati lililovunjwa lilikuwa na kitu kimoja tu cha maana: muhuri wa chuma, ule uliogonga alama ya karakana kwenye kila kisu. Kisu bila alama ile kilikuwa kisu. Kisu chenye alama ile kilikuwa mali. Na muhuri ulikuwa umetoweka.

Mkwe wa marehemu alikuwa fundi wa friji. Inspekta na Koplo walimkuta ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti.

“Kisu chako kiko wapi?” Inspekta aliuliza.

“Mtoni. Nilishasema mara ngapi?”

“Sema tena. Mimi ni mzito wa kuelewa.”

Mkwe alivuta pumzi. “Tulisimama darajani, mimi na mke wangu. Nilikuwa namenya chungwa. Mkono ukateleza. Chungwa likabaki, kisu kikaenda.”

“Ukamwambia baba mkwe?”

“Nimwambie zawadi yake ya harusi imezama kwa ajili ya chungwa? Inspekta, umewahi kuwa na baba mkwe?”

“Ninaye. Simwambii mengi.” Alivuta kiti. “Na ule ugomvi?”

“Aliviita visu vya kijivu anavyotengeneza mke wangu majivu. Mbele ya mafundi. Ameijengea sifa karakana nzima, kisha baba yake anamwambia anauza majivu. Nikamwambia, ‘Mzee, wakati wako umepita.’ Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta Koplo wako mlangoni.”

Walipotoka, Inspekta alisimama katikati ya korido, jambo lililowalazimu askari wawili waliobeba meza kumzunguka.

“Koplo, ukitaka kudanganya kuhusu kisu, utasema nini?”

“Kimeibiwa.”

“Naam. Kila mtu hukubali wizi. Nani husema chungwa?”

Koplo alifikiri. “Mtu aliyekuwa na chungwa.”

“Mkewe alikuwepo darajani na anasema hivyo hivyo. Tumempuuza kwa kuwa ni mke. Sasa tuseme wote wawili ni wakweli, kisu kimezama. Ncha haikutoka mtoni ikaja kukwama kwenye kitasa. Imetoka kwenye kimoja cha vile vinne.”

“Lakini vile vinne ni vizima. Nimeviona mwenyewe.”

“Uliona visu vinne vinavyong'aa,” Inspekta alisema. “Twende tukajue mng'aro ni kitu gani.”

*

Binti wa marehemu alikuwa kazini. Mafundi walimwita Bi Kokoto, na alilipokea jina hilo kama baba yake alivyolipokea la kwake. Alikuwa amevaa aproni ya ngozi, macho yamevimba, mikono imetulia.

“Najua watu wanasema,” alianza kabla hajaulizwa. “Msiba haujapoa na mimi niko kwenye msasa. Nikikaa nyumbani nitapasuka.”

“Sikuja kwa hilo, mama. Pole tena. Nimekuja unifundishe. Hivi visu vitano vilikuwaje?”

Bi Kokoto alijifuta mikono. Alieleza kwamba baba yake alibuni umbo jipya la bapa kwa ajili ya harusi yake, lenye ncha iliyoinamishwa kidogo. Alitengeneza vitano vya kwanza kwa mng'aro wa kioo: kimoja cha bibi harusi, kimoja cha bwana harusi, kimoja cha mdogo wake mwenyewe, kimoja cha rafiki yake daktari wa meno, na kimoja chake. Havikuwa na namba wala majina, alama ya karakana tu.

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo nikamharibia kazi.” Alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Nionyeshe mikono yako. Shika.”

Alichomoa kisu chake mfukoni, akakifungua na kumpa. Inspekta alikigeuza dirishani. Kiling'aa, ndiyo, lakini bapa lote lilikuwa na mikwaruzo myembamba, kama kioo cha saa iliyovaliwa miaka mingi. Alipokirudisha, alama za vidole vyake zilibaki juu yake, wazi kuliko zile wanazochukua kituoni.

“Umeona? Hicho nakitunza kama yai. Kioo hakisitiri kitu. Ukikata kamba, mkwaruzo. Ukikiweka mfukoni na ufunguo, mkwaruzo. Wateja walikuwa wanarudi na visu vyao wanalia. Kwanza tukajaribu mistari.” Aliinua bapa kutoka mezani, limesuguliwa kwa msasa kuelekea upande mmoja, laini kama nywele zilizochanwa. “Nzuri, lakini mkwaruzo ukikatisha mistari unauona kutoka ng'ambo ya barabara. Ndipo nikaleta hili.”

Alipiga kofi pipa la chuma lililolala juu ya magurudumu pembeni ya karakana. Lilikuwa na ukubwa wa pipa la mafuta, mfuniko umefungwa kwa nati.

“Ndani mna kokoto ndogo na maji ya sabuni. Unafungua kisu, unatoa bapa peke yake, unalitupa humo, unazungusha. Mawe yanaligonga kila mahali, elfu kwa elfu. Likitoka, lina rangi ya mvua. Mkwaruzo mmoja ukiongezeka, nani ataujua?”

Alimpa bapa la kijivu. Inspekta alilipitisha chini ya mwanga. Halikuwa na mng'aro, lakini halikuwa butu pia. Vishimo vidogo mno vilizagaa juu yake bila mpangilio. Umbo lilikuwa lile lile la visu vya harusi.

“Pipa hili lilikuja lini?”

“Baada ya harusi. Baba aligoma muda mrefu. Siku lilipoletwa alitoka nje asilione linashushwa. Mwisho alikuwa analipita na kulisalimu. ‘Hujambo, mvunja vyombo?’ Wiki ile ya ugomvi alitaka turudi kwenye kioo. Tulikuwa tunabishana, basi. Tungemaliza.”

Inspekta alimwacha apumue. Koplo alijifanya anasoma bango la usalama ukutani.

“Nikuulize jambo,” Inspekta alisema kisha. “Kisu cha kijivu kinaweza kugeuzwa kuwa kioo?”

“Ukiwa na gurudumu la kitambaa, dawa ya kung'arishia na subira, ndiyo. Mawe hayachimbi sana.”

“Wewe ungelijua bapa kama hilo ukiliona?”

“Kwa nje? Kama aliyelifanya ana mkono mzuri, hapana.” Alimtazama Inspekta, kisha Koplo, kisha Inspekta tena. “Kwa nini unauliza?”

“Kwa sababu nakuamini kuhusu chungwa,” Inspekta alisema. “Niazime bisibisi inayofungua hivi visu. Na saa nane nitakuhitaji mahali. Koplo atakupigia simu. Usimwambie mtu.”

*

“Ni huyu,” Koplo alinong'ona.

Kisu cha daktari wa meno kilikuwa juu ya trei, kati ya kioo kidogo cha mdomoni na pamba. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kisu cha Bi Kokoto kilikuwa na umri huo huo na kilionekana kama kimepigana vita. Hiki kilikuwa kama kimezaliwa jana.

Daktari wa meno, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole wa kazi, alimsikia.

“Ni mimi nini?”

“Kisu chako ni safi mno, Daktari,” Inspekta alisema. “Kimewahi kukata kitu?”

“Keki ya harusi. Siku ile ile. Nikakiosha, nikakirudisha kwenye boksi lake, na boksi likarudi kabatini.” Alionyesha boksi la mbao lenye kitambaa ndani, umbo la kisu limeshajichora humo. “Kisu cha kioo ni kama suruali nyeupe. Huivai sokoni. Nilimwambia hivyo Mzee Kioo, akaninunia wiki mbili.”

“Unaniruhusu nikifungue?”

“Kufungua maana yake?”

“Kukitoa skrubu.”

Daktari alisita. Koplo akasogea mlangoni, na meza ndogo ya vifaa ikamfuata kwa sababu mkanda wake ulikuwa umeinasa. Kwa kelele za vyuma vilivyoanguka, muuguzi alichungulia na kurudi. Daktari wa meno alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

“Fungua,” alisema. “Fungua kabla huyu hajanibomolea kliniki.”

Inspekta alitandaza leso. Alilegeza skrubu ya bawaba, akaondoa upande mmoja wa mpini, akalivuta bapa lote nje. Kisu kikiwa kizima, mtu huliona bapa tu. Shina lake, ile sehemu ya nyuma inayozungukia bawaba, hukaa ndani ya mpini, na mwenye kisu anaweza kuzeeka asilione. Inspekta aliligeuza shina lile kwenye taa kubwa ya daktari.

Lilikuwa kioo. Kioo kitupu, mpaka kwenye tundu la skrubu.

“Ah, hapo,” daktari alisema, amesogea. “Nilimwona akilisugua hapo, nikamwuliza, ‘Mbona unang'arisha kusikoonekana?’ Akaniambia, ‘Wewe ukitengeneza jino, unaacha nyuma bila kusugua kwa kuwa mtu hatacheka na nyuma?’” Alitikisa kichwa. “Mpaka leo nasugua nyuma.”

Ndani ya gari Inspekta alitoa kisu cha marehemu mwenyewe, kile walichokikuta mfukoni mwa suruali yake siku ile. Kilikuwa na mikwaruzo kuliko vyote. Alikifungua magotini kwake kwa bisibisi ile ile. Shina lilikuwa kioo.

Koplo aliwasha gari. Uso wake ulikuwa umeshuka.

“Mimi nilikuwa na hakika na Daktari.”

“Hata mimi, kidogo. Usisikitike. Ametupa tulichokuwa hatuna.”

“Tumepata nini? Vyote ni vya kweli.”

“Tumepata tabia ya marehemu,” Inspekta alisema, akikaza skrubu. “Hakuacha pa kificho. Cha binti yake kina mikwaruzo ya siku nyingi, hakikung'arishwa juzi. Kimebaki kisu kimoja.”

*

Duka la Baba Mdogo, mdogo wa marehemu, lilikuwa barabara ya katikati ya mji, lenye kioo kipana na kengele mlangoni. Aliuza saa, vibiriti vya fedha, kalamu, na visu vya kaka yake. Alikuwa mtu nadhifu, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi. Aliwapa viti kabla hawajasalimiana vizuri.

“Mmeshampeleka mahakamani?” aliuliza.

“Saa tisa.”

“Mungu mkubwa. Sisemi kwa ubaya, Inspekta. Yule kijana nilimkaribisha kwa mikono miwili. Lakini mkwe ni mtu wa kuja. Damu yako haiwezi kukufanyia vile.” Alipangusa jicho. “Mtoto wa kaka yangu ananihurumisha. Nimemwambia, baba umempoteza, lakini mimi nipo.”

“Unafanya vizuri,” Inspekta alisema. “Nimekuja kufunga jalada tu. Jana Koplo aliona kisu chako. Naomba nami nikione, niandike nimekiona.”

Baba Mdogo alikitoa mfukoni bila kusita, akakifungua kwa kidole gumba. Bapa liliwaka.

“Hiki ndicho kile cha harusi?”

“Ndicho. Kimelala mfukoni mwangu tangu siku ile aliyonipa, kwa mkono wake.”

“Unakitumia?”

“Kila siku. Nafungulia maboksi ya bidhaa.”

“Hakina mkwaruzo.”

“Nakitunza.” Alitabasamu kwa huzuni. “Kitambaa laini, kila asubuhi.”

“Hukuwahi kukipeleka kwa fundi kisuguliwe upya? Hata kwa kaka yako?”

“Hata siku moja. Kazi ya kaka nani aiguse?”

“Wala kukifungua?”

“Skrubu hizo alikaza yeye. Mtu mwingine hajazigusa.”

“Vizuri,” Inspekta alisema, na akaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, akampa asaini. Baba Mdogo alisaini. Kalamu yenyewe ilikuwa ya dukani kwake, ya bei.

Kisha Inspekta akatandaza leso juu ya kioo cha kaunta na kutoa bisibisi.

“Unafanya nini?”

“Nafunga jalada.”

“Inspekta, hicho ni kumbukumbu ya marehemu.”

“Ndiyo maana nina leso.”

Skrubu ilizunguka. Baba Mdogo aliweka kiganja juu ya kaunta, akakiondoa. Jasho liliacha alama kwenye kioo. Inspekta alitoa upande wa mpini, akalivuta bapa taratibu, akalilaza.

Mng'aro ulikwenda mpaka pale mpini ulipokuwa unaanza, ukakatika kama mtu aliyepaka rangi ukuta akaruka nyuma ya kabati. Kuanzia hapo shina lilikuwa la kijivu. Kijivu cha mvua, chenye vishimo vidogo visivyo na mpangilio.

Koplo, bila kuambiwa, alikwenda akageuza kibao cha mlangoni kiseme kumefungwa.

“Kaka aliacha hivyo,” Baba Mdogo alisema hatimaye. “Ndani hakuonekani. Nani asugue ndani?”

Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi na kuweka bapa la marehemu pembeni ya lile. “Kaka yako alisugua. Hiki chake. Cha daktari wa meno nacho ni hivi hivi, nimekifungua leo.”

“Basi changu alikifanya kwa haraka. Cha mwisho. Siku za harusi zilikuwa na mambo mengi.”

“Angekifanya kwa haraka kingekuwa na alama za msasa. Hizi si za msasa. Hizi ni za mawe.”

“Mawe gani?”

“Yale ya kwenye pipa la mtoto wa kaka yako.” Inspekta alilisogeza bapa mbele yake kwa ncha ya bisibisi. “Pipa lililoletwa baada ya harusi. Umeniambia, na umesaini, kwamba kisu hiki ulipewa harusini, na tangu siku hiyo hakijafunguliwa. Siku ya harusi hapakuwa na pipa. Hapakuwa na jiwe hata moja karakanani. Bapa hili halikuwa limezaliwa, bwana. Hiki ni kisu cha kijivu ulichokitoa hapo kwenye kabati lako la kioo, ukakisugua kwa nje mpaka kikang'aa, ili Koplo wangu akija aone kile alichotumwa kukiona.”

Koplo alikuwa tayari nyuma ya pazia. Alirudi ameshika kwa mikono miwili mashine ndogo ya mezani, gurudumu lake la kitambaa limekuwa jeusi.

“Hilo nang'arishia saa,” Baba Mdogo alisema haraka.

“Sawa.”

“Kila mwenye duka la saa analo!”

“Sina neno na gurudumu. Nataka kisu chako cha kweli, kile kisicho na ncha. Na nataka muhuri.”

Baba Mdogo aliitazama kengele ya mlangoni, kisha Koplo, aliyekuwa mpana kuliko mlango. Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele yake kama mtu aliyekuja kununua saa.

“Sidhani kama ulikwenda kuua,” alisema. “Ulikwenda kuchukua muhuri. Mwenye duka hana haja na muhuri, ila kama ameshapata mahali pa kutengenezewa visu vya bei rahisi, vinavyofanana, vimekosa alama tu. Ukatia ncha ya kisu kwenye kitasa, ukabinya. Kisu cha kukunja si mtaimbo. Kikavunjika. Halafu taa ikawaka.”

“Hujui lolote,” alinong'ona.

“Koplo, lile boksi chini ya kaunta, lililo nyuma ya miguu yake. Anajaribu kulisukuma tangu tulipoingia.”

Koplo aliinama. Boksi lilikuwa zito. Ndani, visu vya kijivu vilivyofungwa kwenye karatasi za mafuta, vipya, kila bapa tupu pale alama inapopaswa kuwa. Chini kabisa, ndani ya soksi kuukuu, palikuwa na kipande cha chuma kirefu kama kidole, na kisu cha mpini wa mpingo kinachong'aa, kimekatika ncha. Inspekta alichukua ile ncha yake, akaisogeza kwa kibano mpaka ikagusa bapa. Viliungana bila kuacha upenyo.

Kengele ya mlango ililia. Bi Kokoto alikuwa ameingia, bado na aproni ya kazini.

“Koplo alinipigia,” alisema. “Mmesema nije kutambua...” Macho yake yalifika kwenye kaunta. Aliuona muhuri. Aliyaona mabapa mawili, na kati yake lile lenye mng'aro uliokatika. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe.

“Mwanangu,” Baba Mdogo alisema.

Bi Kokoto alisogea mpaka kaunta tu ndiyo ikawa kati yao. Inspekta alitaka kumzuia, kisha akaacha.

“Baba alikuona?” aliuliza. “Alijua ni wewe?”

Baba Mdogo aliangalia chini.

“Aliwasha taa,” alisema. “Akasema, ‘Ah, kumbe ni wewe. Nilidhani mwizi.’”

“Halafu?”

“Akacheka. Akasema, ‘Ukitaka kitu kabatini si uniombe?’ Akageuka. Nikadhani anakwenda kuita watu. Alikuwa anakwenda kunichukulia ufunguo.”

Bi Kokoto alishika ukingo wa kaunta. Saa za ukutani ziligonga, kila moja na mwendo wake. Kisha akaachia, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama ameligeuzia duka mgongo.

Koplo alimfunga Baba Mdogo pingu. Hakupinga. Inspekta alitoa simu.

“Afande,” alisema. “Msimpeleke yule kijana. Namleta mwingine, na kisu chake, na muhuri, na maneno aliyoyasaini mwenyewe.” Alisikiliza. “Ndiyo. Saa tisa bado. Nilikimbia.”

Alipokata simu, Bi Kokoto alikuwa amegeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

“Mwambie asitoke peke yake,” alisema. “Mume wangu. Mwambie asikanyage nje mpaka nifike. Nataka watu wote wa barabara ile wanione natoka naye.”

Inspekta alipiga simu tena.